Shoga, vigae vyako viko njiani

Shoga yangu,

Salaam nyingi, habari za Nairobi na baridi yake. Najua nilikwambia vile vigae vyangu vya udongo vya kutundika ukutani vitakufikia kabla ya Ramadhani na sasa hata Idi ishapita, lakini usinune kwanza, soma uone yalonipata.

Vile vya kwanza nilokutumia picha si uliviona? Kumi na viwili, vizuri mashallah, lile ua la mlango wa bibi pale Kibokoni limetoka na vimistari vyake vyote (niliupaka mlango poda ya mtoto kabla ya kuukandamizia udongo, usigande, bibi akawa ananitazama tu kama nimepandwa na kitu). Nikavianika juu ya dari jua kali, na hapo ndo kosa la kwanza, maana upande wa juu ukakauka na kusinyaa kabla ya ule wa chini, ncha zikanyanyuka kama papadi. Vitano nikavitupa kwenye ndoo ya maji vikarudi kuwa udongo, hiyo si hasara, kitu hakijachomwa. Vile saba vilobaki vimenyooka nikampelekea jamaa mmoja Kisauni ana tanuri la umeme, akavichoma mpaka digrii 1,000, vikatoka vyekundu, ukikigonga kinalia ting. Nikavitundika sebuleni nikaringa, wallahi kila mgeni nilimwonesha, hata aliyekuja kusoma mita ya maji.

Wiki mbili baadaye nafagia naona vipande vyembamba chini ya ukuta, nikajua ni mtoto na mpira wake, nikamfokea maskini bure. Kesho yake tena, na mtoto yuko shule. Kuangalia vizuri, kila palipobanduka pana kishimo na katikati ya kishimo kitone cheupe kama unga.

Kumbe mchanga! Udongo wa mfinyanzi ukiwa peke yake unapasuka haraka, lazima uuchanganye na kitu cha kukwaruza kwaruza kiupe nguvu, basi mie kwa ujanja wangu nikashuka baharini Nyali na ndoo, nikachota mchanga nikauosha chumvi mara tatu nikajiona fundi. Mjomba ndo alonifungua macho, yule alokuwa akijenga nyumba za mawe zamani. Akakikwaruza kile kitone kwa ukucha, akacheka mpaka akakohoa, akasema wee umechoma chokaa ndani ya kigae. Si unajua chokaa inavofanywa, mawe ya matumbawe yanachomwa tanuuni halafu yakipata maji yanafura yanakatika yenyewe yanakuwa unga. Sasa ule mchanga umejaa vipande vya makombe na matumbawe, motoni vikawa chokaa, halafu hewa ya Mombasa hii ambayo hata chumvi mezani inatoa jasho ikavinywesha maji polepole mpaka vikafura humo humo ndani vikasukuma uso wa kigae nje. Haina dawa hiyo, nikavishusha vyote saba. Wazee wetu walikuwa na akili, ile nguzo ya kaburi kule Mambrui wakapachika bakuli za Uchina wakalala zao.

Basi nikaenda Jomvu kwa mama mmoja anafinyanga vyungu, hata sijamaliza hadithi kashanionesha gunia lake la vigae, vyungu vilovunjika, anavitwanga kinuni anachunga anachanganya na udongo. Yaani kigae ndani ya kigae! Kitu kishapita motoni hakisinyai tena, ndo maana kinaushikilia ule udongo mpya. Nikamwambia basi natwanga vile vyangu saba, akanikataza, chokaa si bado imo. Nikatwanga chungu cha mamangu cha mchuzi kilichopasuka mwaka jana, usimwambie.

Na safari hii sikuanika juani. Nimeviweka ndani, kati ya mbao mbili na magazeti, kila asubuhi navigeuza, siku kumi nzima. Nilikata sentimita 16 na nusu ili nipate 15, maana vinasinyaa karibu asilimia 10, na matundu ya kutundikia nilitoboa udongo ukiwa kama halua ilotulia, mapana kidogo kwa sababu nayo yanasinyaa. Vilipotoka motoni nikavitundika kwangu kwanza miezi miwili, ndo huko kuchelewa. Hakikudondosha hata chembe.

Vitatu vinakuja na basi la Ijumaa usiku, nimevifunga kwa khanga. Kila kimoja ni karibu nusu kilo, kwa hivyo usiniletee mambo ya zile stika za kubandika, muite fundi na drili atie skrubu, na usiikaze mpaka mwisho, kigae kipate kupumua kidogo, ukikibana ndo kinakatika hapo kwenye tundu. Ukiona kitone cheupe nipigie saa yoyote.

Na ile khanga naitaka, ni ya doti, usijifanye umesahau.

Wako wa siku zote,
Mie