Usisome maneno yao peke yako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Hapa sote wazima, presha ya babako imeshuka, na nduguzo wanakusalimu sana. Orodha ya masomo uliyonitumia kutoka Chuo Kikuu cha Swansea, huko Uingereza, nimeisoma yote, kisha nikairudia usiku baada ya isha. Shahada ya uzamili ya uhalifu na ugaidi wa mtandaoni. Wiki iliyopita arusini akina mama wenzangu waliniuliza kwa nini nimekuachia usomee jambo kama hilo, mtoto wa kike wa Mombasa, mwenye kuvaa buibui. Niliwajibu mbele ya watu kwamba nimefurahi. Wewe nina zaidi ya kukwambia.

Umesema umeacha ile fikra ya kuandika tasnifu juu ya utapeli wa pesa za simu, sasa unataka kuchunguza maandishi na sauti za Kiswahili zinazosambazwa na Al-Shabaab. Naona umechagua vyema. Utapeli nao unaumiza, nimewaona wazee wakitoka kwa wakala wamepigwa na butwaa. Lakini benki na kampuni za simu zina sababu ya kuwalipa watu waufuatilie. Nani atamlipa mtu asikilize saa nzima ya mawaidha ya chuki kwa Kiswahili cha pwani, atuambie yanavyofanya kazi?

Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Mwaka 2012 Al-Shabaab walianza kutoa jarida kwa Kiswahili, la picha za rangi, likipita mtandaoni. Mwaka huohuo, tarehe 27 Agosti, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyetuhumiwa kuwaunga mkono, alipigwa risasi hapa Mombasa akiwa garini na familia yake, na hotuba zake hazikufa naye. Mwaka mmoja baadaye Westgate, jengo la maduka la Nairobi, ikashambuliwa, watu 67 wakauawa, na wakati watu wamelala kifudifudi madukani kundi hilo lilikuwa Twitter likijisifu. Akaunti ikifungwa, inafunguliwa nyingine. Kisha chuo kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri ulio nao wewe leo.

Nilikuwa nikifundisha hisabati wakati huo. Mvulana mmoja wa darasa langu alivuka kwenda Somalia, na mamake mpaka leo hajui kama yu hai. Nimefikiria sana kilichomchukua mtoto yule. Hawakuanza na uongo. Walianza na mambo aliyoyajua kwa macho yake: ardhi ya wenyeji iliyokwenda kwa wageni, kazi za bandarini asizozipata, polisi walioingia Masjid Musa Februari 2014, vijana waliochukuliwa usiku wasirudi. Yote hayo yalikuwa kweli. Uongo ulikuja mwisho, msikilizaji akiwa amekwisha kutikisa kichwa kukubali kila kitu.

Hapo ndipo kazi yako ilipo. Mwenzako wa darasani akisoma tafsiri ataiona chuki, basi. Wewe utajua aya imekatwa wapi, methali imepindwa vipi, kisa kipi cha mtaa kimetangulizwa ili maneno ya baadaye yapite. Mashine haijui hayo. Tangu 2017 kampuni kubwa za mitandao, kupitia chombo chao kiitwacho GIFCT, hupeana alama za kidijitali za picha na video za ugaidi, ili iliyofutwa kwa mmoja itambulike kwa mwingine. Ni jambo jema, lakini linashika nakala ya kile kilichokwisha kuonekana, na hata hiyo ikibadilishwa kidogo inaponyoka. Muuaji wa Christchurch, New Zealand, aliyeua watu 51 misikitini, alipoyaonyesha mauaji yake moja kwa moja mwezi Machi 2019, Facebook walisema waliondoa nakala milioni 1.5 ndani ya saa 24, na bado nyingine zilipita kwa kuwa watu walizikata na kuzigeuza. Sasa fikiria sauti ya mtu anayeongea kwa mafumbo, kwa lugha ambayo kampuni hizo zimeiwekea watu wachache. Mwaka 2022 watafiti wa Institute for Strategic Dialogue walionyesha jinsi mitandao ya Al-Shabaab na ISIS ilivyokuwa ikiendelea wazi kwenye Facebook kwa Kiarabu, Kisomali na Kiswahili.

Kwa hiyo fanya. Lakini usifanye peke yako, na hili ndilo lililonikalisha kuandika.

Kwanza, chuo kijue kabla hujapakua chochote. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Nottingham, mwanafunzi Mwislamu wa uzamili, Rizwaan Sabir, alipakua mwongozo wa Al-Qaeda kwa ajili ya utafiti wake. Aliutoa kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, si pangoni. Alimtumia rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi chuoni hapo, na wote wawili wakakamatwa kwa sheria ya ugaidi. Sabir alikaa mahabusu karibu wiki nzima, akaachiwa bila shtaka, na mwaka 2011 polisi wakamlipa pauni 20,000. Pesa hizo hazirudishi usingizi wa mzazi. Kifungu cha 58 cha sheria ya ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2000, kinachokataza kuwa na habari za kumsaidia gaidi, bado kipo, na tangu 2019 hata kutazama tu mtandaoni kunaweza kuwa kosa, kifungo mpaka miaka 15. Mabadiliko hayohayo yanataja utafiti wa kitaaluma kuwa sababu halali. Lakini sababu halali hutakiwa kuonekana. Ionekane kwenye fomu ya kamati ya maadili, kwenye barua za msimamizi wako, kwenye kompyuta ya chuo. Usiweke faili hizo kwenye simu yako. Usipite nazo uwanja wa ndege. Usimtumie rafiki, hata awe mwema vipi.

Pili, macho na moyo wako. Pale Nairobi kulikuwa na vijana walioajiriwa na kampuni iliyopewa kazi na Facebook ya kuchuja maudhui ya lugha za Afrika. Wakikaa zamu nzima wakitazama vichwa vikikatwa na watoto wakiteswa. Walikwenda mahakamani, na Desemba 2024 ikajulikana kwamba zaidi ya 140 kati yao wamepimwa na mkuu wa huduma za afya ya akili wa Hospitali ya Kenyatta na kukutwa na maradhi ya msongo unaotokana na kiwewe. Walikuwa watu wazima, wenye nguvu zao, wenye haja ya mshahara. Usiniambie wewe una moyo mgumu. Video ukilazimika kuiona, ipunguze iwe ndogo, iondoe rangi, zima sauti. Maandishi usiyasome kitandani wala baada ya saa mbili usiku. Tafuta mwenzako wa darasa mkubaliane kuulizana hali kila baada ya kazi, na chuo kikiwa na mshauri nasaha, jiandikishe kabla hujamhitaji.

Tatu, ukija huku kuhoji watu. Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, utakipata, ni makaratasi tu. Kigumu ni watu. Akina mama wa Majengo na Kisauni wameogopa pande mbili kwa miaka: waliowachukua watoto kwenda Somalia, na waliowachukua usiku kwa magari yasiyo na namba. Mwaka 2015 hata MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu yaliyokuwa yakiwasemea, walitajwa pamoja na magaidi na akaunti zao za benki zikafungwa, mpaka mahakama ilipoamuru zifunguliwe Novemba mwaka huo. Mama aliyeshuhudia hayo hawezi kufungua mdomo mbele ya kinasa sauti kwa sababu tu unasema unatoka Swansea. Njoo na mtu anayemwamini, usiandike jina, na akinyamaza nyamaza naye. Na usimwite mtoto wake gaidi kabla yeye hajakwambia mwanawe alikuwa nani.

Sheria yetu ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 utaichambua mwenyewe. Kifungu cha 33 kinautaja ugaidi wa mtandaoni, faini mpaka milioni tano au miaka kumi, ila kinazungumzia kuingia kwenye kompyuta na mifumo yake. Mtu anayekaa na simu akimlainisha mvulana kwa maneno simuoni humo. Pengine hiyo nayo ni sura moja.

Ukiandika sura nitumie niisome, bila zile nukuu zenyewe. Ruhusa utakayopewa ni yako, si yangu, na simu yangu hushikwa na wapwa zako. Khalati yako wa Leicester amesema chumba kipo wakati wowote, usingoje mpaka uchoke. Na barua ya kamati ya maadili ikitoka nipigie siku hiyohiyo, hata kama kwetu ni usiku wa manane.

Mamako