Wifi, mtoto hakatai kusoma, anakataa hivyo vitabu

Wifi yangu mpenzi,

Habari za huko, wazima? Meseji yako ya WhatsApp niliiona, nikaona nikujibu hapa hadharani manake hilo swali siyo lako peke yako, kila shule zikikaribia kufungwa wazazi wananiuliza hilohilo, mtoto yuko la tatu, kusoma anajua ila hapendi, nimnunulie nini? Jina lako silitaji usiwe na presha, ingawa kaka yangu akipita hapa atajua tu nani anasemwa.

Nianze na ile orodha uliyoniambia niikague. Wifi jamani! Vitatu vya kwanza ni mitihani iliyopita na majibu yake nyuma, hivyo viache vikae na begi la shule, na vile viwili vya chini ni zile hadithi za mtoto mtiifu na mtoto mkaidi, ambazo ukisoma ukurasa wa kwanza tu ushajua mkaidi atavunjika mguu ukurasa wa kumi. Sasa kama wewe umeshajua unadhani yeye hajajua? Anajua vizuri sana, mwisho wa hiyo hadithi anaambiwa hapo nyumbani asubuhi na jioni, bure, bila kununua kitabu.

Mimi kipimo changu ni kimoja. Ukimfungia kitabu katikati ukamwambia twende tukale, atanuna au atashukuru? Kinachomfanya anune ndicho cha kununua, hayo ya kinafundisha nini tutayaongea akishamaliza. Hebu jiulize, sisi tuliosoma shule za msingi hapa Bongo, watu wazima na ndevu zao mpaka leo wanamkumbuka Bulicheka na Wagagagigikoko wa kwenye kitabu cha Kiswahili cha shule, ila nitafutie mtu mmoja anayekumbuka maswali ya ufahamu waliyoulizwa baada ya habari ile.

Kwa huyo wa la tatu ningeanza na Hekaya za Abunuwasi. Ni visa vifupi vifupi, unageuza kurasa chache kisa kimeisha, na mtoto mzito wa kusoma anahitaji kitu cha kumaliza, ajisikie kamaliza. Kile kisa cha sufuria unakijua, Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, anamwambia sufuria yako imezaa, na jirani kwa tamaa anapokea vyote viwili wala haulizi. Siku nyingine anaazima tena, harudishi, jirani anamfuata anaambiwa pole ndugu yangu, sufuria imekufa. Jirani anakuja juu, sufuria inakufaje? Mbona ulipoambiwa imezaa ulikubali? Msomee hiki halafu nyamaza kidogo umwangalie usoni, utaona anavyokamata lile tundu mwenyewe bila kuelekezwa, na ukikawia kidogo tu atakimbia kwenda kumsimulia baba yake.

Najua kaka atasema Abunuwasi ni tapeli anafundisha watoto uongo. Aah, sijawahi kusikia tapeli aliyejitetea mahakamani kwamba alifundishwa na Abunuwasi. Tena Abu Nuwas mwenyewe alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad enzi za khalifa Harun al-Rashid, miaka elfu na mia mbili iliyopita huko, visa vikasafiri vikaongezewa chumvi mpaka vikafika pwani yetu akawa mtu wa kwetu kabisa, na kwa muda wote huo watoto wamecheka wakakua salama.

Halafu kuna hadithi moja ningependa umsimulie wewe mwenyewe hata kabla hujapata kitabu chake, ya Sultani Darai. Hii ni ya Unguja, mmisionari Edward Steere, yule aliyekuja kuwa askofu, aliisikia huko akaichapisha 1870 na hadithi nyingine za Waswahili, kwa hiyo ilikuwa ya zamani hata kabla ya hapo. Kuna maskini wa mwisho kabisa, kazi yake kuchakura jaani atafute punje za mtama ale. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa, yule mnyama, watu wanamcheka mtaa mzima, mtu huna cha kula unanunua cha kulisha? Kumbe paa anaongea. Anaokota almasi porini, anakwenda mpaka kwa sultani wa mbali anajidai katumwa na bwana wake Sultani Darai kuposa, anamwogesha maskini wake na kumvalisha, anakwenda kupigana na nyoka wa vichwa saba kwenye jumba kubwa anamuua, maskini anapata jumba, mke, mali, kila kitu, paa ndiye kafanya yote.

Kisha paa anaugua. Na bwana wake, yule yule wa jaani, anaagiza apewe uji wa mtama mbovu. Mke analia, anabembeleza, mume hasikii, paa anakufa kwa uchungu anatupwa kisimani. Wifi, nimesoma hadithi hii mbele ya madarasa mengi, hapa darasa linanyamaza lote, wale watundu wa nyuma ndiyo wa kwanza kushika macho. Mwisho siutaji humu manake kuna watoto wanaosomewa blogu hii, ila nakwambia hakuna mwalimu anayehitaji kusimama aseme "funzo la hadithi hii ni". Wameshalijua tumboni. Ukiuliza unaharibu.

Na hapo nikuombe kitu, tafadhali sana, mtoto akimaliza kitabu usimuulize umejifunza nini. Muulize nani kakukera humu ndani, au ungekuwa wewe ungemfanyaje yule bwana. Atakujibu mpaka umwambie akalale.

Huyu mdogo wa chekechea usimsahau, yeye ni vitabu vya picha, na usije ukanunua vile vya A ya ananasi tu ukadhani umemaliza. Kitabu cha picha kizuri ni kile ambacho picha inasema jambo ambalo maneno hayasemi. Mfano ninaoupenda ni Handa's Surprise cha Mwingereza Eileen Browne, cha 1994, kinahusu watoto wa Kijaluo huko Kenya. Handa amejitwika kikapu chenye matunda saba anampelekea rafiki yake Akeyo, njia nzima anawaza Akeyo atapenda lipi, hayo ndiyo maneno, basi. Ila kwenye picha tumbili kaiba ndizi nyuma yake, mbuni kachukua pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, kasuku pasheni, na Handa hajui kitu! Kikapu kitupu kabisa, mpaka mbuzi aliyekata kamba anapiga kumbo mti wa machenza, machenza yanamwagikia humo humo, Handa anafika anashangaa kuliko hata Akeyo. Mtoto wa miaka minne asiyejua herufi moja anakuwa anajua zaidi ya Handa na zaidi ya mtu anayemsomea, atakupigia kelele mama angalia tembo, mama angalia! Kiko kwa Kiingereza lakini maneno yenyewe machache, unamsimulia kwa Kiswahili chako huku unamwonyesha, hakuna polisi atakayekuja. Na wala usidhani ni cha mdogo tu, mwachie dada mtu amsomee mdogo wake, watoto wa la tatu wanaoona aibu kusoma mbele ya watu wakubwa hawaoni aibu kwa mdogo wao, na hapo wanafanya mazoezi bila kujijua.

Sasa hilo la inglishi midiamu, najua utanikasirikia. Uliandika kwamba hutaki vya Kiswahili "vitamchanganya". Wifi, mtoto wa la tatu wa shule yenu akisoma Kiingereza nguvu zake zote zinaishia kwenye kutamka, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake ameshausahau, atachekea nini hapo? Kiswahili anacheka nacho, analia nacho, anagombana nacho na watoto wa jirani. Acha apate utamu wa hadithi huko kwanza, kukisia kitakachofuata, kumkumbuka nani alisema nini, hiyo akili akishaipata anahama nayo kwenda lugha yoyote. Mimi ninaowaona wakisoma Kiingereza vizuri la sita la saba wengi ni wale ambao nyumbani kulikuwa na hadithi, za lugha yoyote ile, hata za bibi gizani umeme umekatika.

Akishazoea, tuseme la nne kwenda la tano, kuna Mwana Mdogo wa Mfalme, kile kitabu maarufu cha Mfaransa Saint-Exupéry, Mkuki na Nyota wamekitoa kwa Kiswahili. Mwanzoni tu kuna picha ya chatu aliyemeza tembo, wakubwa wote wanasema ni kofia. Hapo mtoto anakuwa ameshawashinda wakubwa na kitabu ndiyo kwanza kimeanza. Katikati kuna sehemu atapotea, mwache apotee, atarudi. Kuna pia Alisi, yule msichana anayemfuata sungura mwenye saa shimoni, tafsiri ya kwanza ya Kiswahili ilitoka 1940, ila mimi napendekeza ya Ida Hadjivayanis ya 2015, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Mtoto mchanga anageuka nguruwe humo, nasema hivyo tu.

Na Shaaban Robert? Uliniuliza kama Adili na Nduguze ni cha watoto. Kisa ni cha watoto kabisa, kuna Adili, mtu mwema anayependwa na mji mzima, lakini kila usiku anachukua mjeledi anawacharaza manyani wawili huku machozi yanamtoka, halafu anawalisha. Nani asiyetaka kujua kwanini? Shida ni lugha, kitabu cha 1952 na mzee alikuwa haandiki sentensi bila kuipamba, mtoto akiachiwa peke yake atakitupa. Hiki msome wewe kwa sauti, kidogo kidogo, unapita haraka kwenye mapambo, unakaa kwenye manyani. Akifika la saba atakirudia mwenyewe. Kusadikika, kingine cha mzee huyohuyo, usimguse nacho sasa hivi. Na akianza kutaka riwaya riwaya hasa, ya kijana wa rika lake, mtafutie Ndoto ya Amerika ya hayati Ken Walibora, Mkenya, jina tu linakwambia kijana ana hamu ya wapi, na Kiswahili chake kinaenda mbio, hakimchoshi.

Pesa najua imebana, kwa hiyo kuna njia za bure. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, wote wana vitabu vya picha vya Kiswahili mtandaoni, unasoma kwenye simu au unaprinti kwa mtu wa steshenari, na vimepangwa kwa ngazi kuanzia neno moja moja kwa ukurasa mpaka hadithi nzima. Siyo vyote vizuri, tafsiri nyingine utasikia kabisa zimetoka kwa mtu aliyekuwa na haraka, kwa hiyo pitia wewe kwanza. Ila kuchagua mwachie yeye! Mwambie chagua vitatu, hata akichagua vya ngazi ya chini ya darasa lake usimwambie hivyo vya watoto. Kama unataka kujua kitabu ni kigumu kiasi gani, asome ukurasa mmoja huku anakunja kidole kwa kila neno asilolijua, vikikunjwa vitano kabla ukurasa haujaisha basi hicho msomee wewe, siyo kwamba hafai.

Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, Dar, ile Mwalimu Nyerere aliyoifungua Desemba 1967, ina sehemu ya watoto na ni kimya na kuna feni, mpeleke hata kwa siku moja tu ya likizo. Vya kununua ni pale duka la vitabu la TPH mtaa wa Samora, na wale wa vitabu vya mitumba wanaopanga chini barabarani, hapo kwenye mitumba ndiyo nimepata vile vya picha vizuri kwa bei ya kuelewana, ila fungua uhesabu kurasa kabla hujalipa, vingine mwisho umechanwa na mtoto akifika hapo utajuta wewe.

Jumamosi hii mimi nipo mjini. Nitumie hela kwenye simu ya kawaida siyo ya kaka, nianze na Abunuwasi mmoja na cha picha kimoja cha mdogo, chenji nitarudisha. Na ile mitihani iliyopita kama risiti bado unayo jaribu kumbembeleza muuzaji abadilishe.

Wifi yako