Kabla ya Reli Kulikuwa na Mfereji: Barua kwa Mwalimu

Tanga,
14 Machi

Kwa rafiki yangu mpendwa, Mwalimu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza vizuri na wazee wanakusalimu. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba umepangiwa kufundisha kidato cha tano mada ya kukua kwa ubepari nchini Marekani. Swali walilokuuliza wanafunzi wako ni zuri sana: imekuwaje makoloni 13 yaliyojibana kwenye pwani ya Atlantiki yageuke, katika muda usiofika miaka mia moja, kuwa taifa la viwanda lililofika hadi Pasifiki? Umeniandikia kwamba unakusudia kuanza na reli. Naomba nikushauri, kwa mapenzi yote niliyo nayo kwa somo hili, uanze na mfereji wa Erie, uliounganisha mto Hudson, unaoshukia jiji la New York, na Ziwa Erie, na kabla ya mfereji wenyewe uanze na gharama ya kusafirisha tani moja ya mzigo.

Mwaka 1803 Marekani iliinunua Louisiana kutoka kwa Ufaransa kwa dola milioni 15, na kwenye ramani nchi ikawa kubwa takribani maradufu. Lakini ramani haimlishi mkulima. Aliyelima ngano ng'ambo ya milima ya Appalachia alikuwa na ardhi yenye rutuba na hakuwa na soko, kwa sababu kupeleka tani moja kutoka Buffalo, kwenye Ziwa Erie, hadi jiji la New York kuligharimu takribani dola 100 na kuchukua kama wiki tatu kwa mikokoteni. Unga ulikuwa umekwisha kumezwa na nauli kabla haujafika pwani. Wengi waliteremsha mazao yao kwa mashua kupitia mito ya Ohio na Mississippi hadi New Orleans, au waliigeuza nafaka kuwa wiski, ambayo ilikuwa nyepesi kubeba kulingana na thamani yake.

Katika safu yote ile ya milima, jimbo la New York lina bonde la mto Mohawk, ambalo linapenya kuelekea magharibi bila kupanda sana. Hapo ndipo wazo la mfereji lilipozaliwa. Rais Thomas Jefferson alipoelezwa wazo hilo mwaka 1809 aliliona liko karibu na wazimu, na mwezi Machi 1817 Rais James Madison aliukataa, kwa kura ya turufu, muswada ambao ungetoa fedha za serikali kuu kwa barabara na mifereji. DeWitt Clinton, aliyekuwa mstari wa mbele kuupigania mradi huo na ambaye mwaka huohuo alichaguliwa kuwa gavana, hakurudi nyuma. Jimbo lenyewe likakopa kwa kuuza hati fungani, yaani hati za ahadi ya kulipa deni pamoja na riba, na tarehe 4 Julai 1817 kazi ya kuchimba ikaanza katika mji wa Rome. Tafadhali wasisitizie wanafunzi jambo hili, maana vitabu vingi hupenda kuueleza ubepari wa Marekani kana kwamba ulijengwa na matajiri wachache wenye vipaji. Njia kuu ya kwanza ya maji iliyofungua magharibi ilijengwa na serikali ya jimbo kwa mkopo wa umma, kwa gharama ya takribani dola milioni 7, na deni hilo likalipwa kwa ushuru wa vyombo vilivyopita humo.

Wewe unajua kwamba kazi yangu ilikuwa upimaji wa ardhi, kwa hiyo univumilie nikikaa kidogo hapa. Mfereji ulikuwa na urefu wa kilomita 584, upana wa mita 12 juu na kina cha mita 1.2 tu, na kati ya mto Hudson na Ziwa Erie ardhi inapanda zaidi ya mita 170. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo walijenga vyumba 83 vya mawe vyenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Mashua inayopanda huingia chumbani na mlango wa nyuma hufungwa; vilango vidogo hufunguliwa ili maji ya juu yamwagike ndani; mashua huinuka polepole pamoja na maji hadi ilingane na mfereji wa juu, ndipo mlango wa mbele unapofunguliwa na farasi au nyumbu wanaotembea kwenye njia ya kando wanaanza tena kuvuta kamba. Katika mji wa Lockport walipanga vyumba vitano mfululizo kama ngazi kwenye mwamba wa mita 18, na mbele ya hapo wakaupasua mwamba kwa baruti kwa kilomita kadhaa.

Waliosimamia haya hawakuwa wahandisi waliosomea kazi hiyo. Benjamin Wright na James Geddes walikuwa wapimaji wa mashamba waliowahi pia kuwa mahakimu. Kijana Canvass White alikwenda Uingereza kuikagua mifereji ya huko kwa miguu, kisha aliporudi akagundua karibu na Chittenango aina ya chokaa inayotengeneza saruji inayoshika hata chini ya maji, jambo lililowaokoa na gharama kubwa ya kuiagiza kutoka ng'ambo. Na walioshika sururu walikuwa wakulima wa maeneo yale pamoja na wahamiaji, wengi wao kutoka Ireland. Mwaka 1819, walipofika kwenye vinamasi vya Montezuma, malaria iliwaangusha kwa wingi, na wakati huo waliamini kwamba ugonjwa huo unaletwa na hewa mbaya ya kinamasi. Wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana, na inaniuma kwamba katika masimulizi mengi Clinton anatajwa kwa jina nao wanatajwa kwa jumla tu.

Tarehe 26 Oktoba 1825 mashua iitwayo Seneca Chief iliondoka Buffalo, na tarehe 4 Novemba Clinton akamwaga pipa la maji ya Ziwa Erie katika bahari ya New York. Gharama ya tani moja ilishuka hadi chini ya dola 10, na safari ikawa ya siku nane hivi. Hapo ndipo mambo yalipokwenda kasi. Rochester ukawa mji wa vinu vya kusaga unga. Ngano ya Ohio, na baadaye ya Michigan na Illinois, ikashuka kuelekea mashariki, huku familia na bidhaa za viwandani zikipanda kuelekea magharibi. Chicago, uliosajiliwa kuwa mji mwaka 1833 ukiwa na watu mia chache tu, mwaka 1860 ulikuwa na watu zaidi ya 110,000.

Sasa angalia upande wa viwanda. Ngano ya bei nafuu kutoka magharibi iliwaumiza wakulima wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, ambao mashamba yao yamejaa mawe, na mabinti zao ndio walioingia katika viwanda vya nguo vya Lowell, Massachusetts, vilivyoendeshwa kwa nguvu za mto Merrimack. Walilala mabwenini, wakaamshwa kwa kengele, wakafanya kazi zaidi ya saa 70 kwa wiki. Mwaka 1834 walipopunguziwa ujira waligoma, na mwaka 1836, gharama ya bweni ilipopandishwa, wakagoma tena. Pamba waliyoisokota ilitoka kusini, ambako mashine ya Eli Whitney ya kuchambua pamba, ya mwaka 1793, iliufanya utumwa uwe na faida kubwa zaidi. Watumwa walikuwa takribani 700,000 mwaka 1790. Kufikia 1860 walikaribia milioni 4. Na mashamba mengi ya pamba yalipanuka kwenye ardhi ya mataifa ya asili yaliyofukuzwa kwa sheria ya mwaka 1830. Katika msafara wa Wacherokee, moja ya mataifa hayo, wa 1838 hadi 1839 inakadiriwa kwamba watu 4,000 walikufa. Hata mfereji wa Erie wenyewe ulipita katika nchi ya Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya asili ya eneo hilo, ambao mikataba isiyo ya haki ilikuwa imewanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi yao.

Wanafunzi wako wakikuambia kwamba hayo ni ya mbali, waeleze kwamba mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na kwamba meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilileta Zanzibar vitambaa vya viwanda vya Massachusetts na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Merikani, yaani kitambaa hicho cha pamba, waliyobeba wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Tabora, ikitumika kama fedha njiani, ilitoka huko.

Baada ya hayo yote ndipo uilete reli. Kampuni ya Baltimore na Ohio ilianza kujenga yake mwaka 1828, kwa sababu Baltimore iliogopa kuachwa nyuma na mfereji wa New York, na kufikia 1860 nchi ilikuwa na takribani kilomita 48,000 za reli. Tarehe 10 Mei 1869 njia mbili za reli, moja kutoka mashariki na nyingine kutoka California, zilikutana Promontory, Utah, na upande wa California sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Wachina. Ukifuata mpangilio huu, wanafunzi wataiona reli kuwa jibu la swali ambalo mfereji ulikuwa umekwisha kulionyesha, nalo ni nani atailipia njia na ni nani atahamishwa ili njia ipite.

Nimekuchorea ramani ya mfereji na mchoro wa chumba cha maji kwenye karatasi mbili zilizomo humu. Nakili ubaoni kwa vipimo hivyohivyo, kisha uniandikie ni maswali gani waliyokuuliza, hasa kuhusu hati fungani, kwa sababu ninadhani hapo ndipo watakapokwama na ningependa kukuandalia mfano wa hesabu kabla muhula haujaisha.

Wako katika urafiki,
Mpimaji wako wa Tanga