Barua ya malalamiko: Kibandiko cha omu 8, koili ya omu 4, na dhamana iliyofutwa kwa kidole gumba

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUPINGA KUKATALIWA KWA DHAMANA YA SPIKA MBILI ZA FULURENJI (ZINAZOPIGA SAUTI ZA CHINI HADI ZA JUU PEKE YAKE) ZA INCHI 4

Ndugu Meneja,

Masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea. Namba ya risiti na namba ya fomu ziko kwenye mafaili yenu. Naandika kwa heshima kupinga maneno mawili yaliyoandikwa kwenye fomu hiyo: "matumizi mabaya". Yaliandikwa na fundi wenu, yanahusu spika ambayo hakuipima, na uharibifu anaoutaja aliufanya yeye mwenyewe, kaunta kwenu, mchana kweupe.

Nianze na spika, maana ndiko mlikopaswa kuanzia ninyi.

Malalamiko yalikuwa haya: zikipigwa pamoja, sauti ni nyembamba, besi haipo kabisa, na sauti ya mwimbaji haikai katikati bali imetawanyika kwenye kuta. Ikipigwa moja peke yake, besi ipo. Yeyote aliyewahi kufunga spika mbili akisikia maelezo hayo hakimbilii boksi wala amplifaya. Anajua moja inasukuma wakati mwenzake anavuta. Wimbi la 100 Hz lina urefu wa karibu mita 3.4. Spika zikiwa mita 2 kutoka moja hadi nyingine, hewa ambayo ya kushoto inaisukuma, ya kulia inaivuta, na kinachofika kwa msikilizaji ni mabaki. Sauti za juu zina mawimbi ya sentimita chache tu, hazifutiki kirahisi hivyo, ndiyo maana zinabaki peke yake zikipiga kelele.

Waya zilifungwa sawasawa pande zote mbili, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Zilibaki alama za kwenye spika zenyewe, na kipimo chake hakihitaji maabara. Spika ichomolewe kwenye amplifaya. Ichukuliwe betri ya 1.5 V, chanya iguse mguu wenye alama nyekundu, hasi iguse mguu wa pili, mguso wa sekunde moja, usishikilie. Koni, ile sehemu inayotikisika, ikiruka kuja nje, alama ni za kweli. Ikiingia ndani, zimegeuzwa. Spika yenu ya kushoto inakuja nje. Ya kulia inaingia ndani. Imetoka kiwandani hivyo, ikiwa na rangi nyekundu kwenye mguu wa hasi.

Kama ingekuwa hilo tu, waya za kulia zingegeuzwa na barua hii isingekuwepo. Besi kweli inarudi papo hapo ukigeuza. Lakini hapo ndipo la pili linapojitokeza: mwimbaji, badala ya kukaa katikati, anahamia kulia. Ukibadilishana njia za amplifaya, anabaki na spika ile ile. Kwa hiyo si amplifaya, si chumba, wala si rekodi.

Mita ikatoa jibu. Kwanza gusanisha ncha mbili za mita, soma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za waya zake, uzitoe kwenye hesabu; mita nyingi za bei nafuu hukosea hapo. Koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma koni, ya spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 hivi. Ya kushoto imesoma 6.4. Ya kulia imesoma 3.3. Ndugu Meneja, hiyo ni spika ya omu 4 iliyobandikwa kibandiko cha omu 8. Kwa volti zile zile inavuta mkondo mara mbili na kupiga kwa nguvu zaidi kwa karibu desibeli 3. Mwenye amplifaya isiyotaka chini ya omu 8 ataisikia ikichemka na kujizima, halafu ataambiwa na kaunta yenu kwamba amplifaya yake ni mbovu.

Halafu kuna saketi ya kurekebisha sauti inayopotea kwa sababu ya upana wa ubao wa mbele wa boksi, ambayo karatasi yenu ya vipimo yenyewe inaipendekeza. Ubao una upana wa sentimita 20. Kwa kanuni ya mafundi, gawanya 115 kwa upana huo kwa mita, 0.20, unapata 575 Hz. Chini ya hapo sauti huzunguka boksi na kwenda nyuma, na mbele hupungua taratibu hadi kufikia desibeli 6. Dawa yake ni koili ya milihenri 2 (2 mH) iliyofungwa sambamba na rezista ya omu 5 ya wati 10, zote mbili zikiwa kwenye njia ya chanya. Kwa spika ya omu 8, saketi hiyo inashusha sauti za kati na juu kwa desibeli 4.2, kiasi kizuri kwa spika iliyo karibu na ukuta. Kwa spika ya omu 4, saketi hiyo hiyo inashusha desibeli 7. Matokeo yake, bila saketi upande wa kulia unazidi kote. Ukiweka saketi, sauti za juu zinalingana lakini za chini za kulia bado zinazidi kwa desibeli 3. Hakuna namna ya kuzipatanisha spika hizo mbili kwa kitasa cha balansi. Ukilinganisha juu, chini kunapinda. Ukilinganisha chini, juu kunapinda.

Maelezo haya yote, pamoja na namba 6.4 na 3.3, yalikuwa kwenye karatasi moja iliyowekwa juu ya kaunta yenu pamoja na spika. Na betri.

Sasa kilichofuata. Fundi wenu hakuisoma karatasi. Aliitoa spika ya kulia kwenye boksi lake, akaigeuza, akatazama sumaku, akasema, "Hii ni inchi nne bwana, ukitaka besi nunua sabwufa." Nikamwomba apime omu tu, basi. Badala yake akaweka kidole gumba katikati ya kifuniko cha vumbi akakibonyeza kama anayebonyeza kengele ya mlango. Kile kifuniko cha karatasi kikalia "tak" kikaingia ndani. Akakitazama. Akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya hali ya bidhaa akaandika: "Kifuniko cha katikati kimebonyea. Matumizi mabaya. Dhamana haihusiki." Mstari wa juu yake, kwa mwandiko ule ule: "Imekaguliwa kwa macho, hakuna hitilafu." Naomba mnieleze spika isiyo na hitilafu inafutiwaje dhamana kwa hitilafu.

Na hata kama nia yake ilikuwa kukagua, koni haisukumwi hivyo. Inasukumwa kwa vidole vinne au zaidi vilivyopangwa kuzunguka kifuniko, kwa uzito sawa, ili koili ishuke wima kwenye pengo la sumaku. Pengo lenyewe ni jembamba sana. Gumba moja lililowekwa pembeni kidogo linailaza koili, nayo inakwaruza. Hivi sasa ukiipa spika hiyo mlio wa 40 Hz kwa sauti ya chini inatoa "krr, krr" ambayo haikuwepo kabla ya kufika kwenu. Kwa hiyo ina hitilafu tatu: miguu iliyogeuzwa, koili isiyo yake, na koili iliyopinda. Ya tatu ni mali yenu kamili.

Niseme na hili, ingawa lilitangulia kaunta: kwenye simu, kitengo chenu kilijibu kwamba spika mpya "zinahitaji kuzoea" na zipigishwe saa 200. Jibu hilo hupewa kila anayepiga, nadhani limechapishwa mahali na kubandikwa ukutani. Kuzoea kupo. Mpira wa pembeni na kitambaa cha ndani hulegea kidogo, Fs (masafa ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe) hushuka, Vas (ulaini wa mpira na kitambaa hicho, ukielezwa kwa lita za hewa) hupanda, Qts (kipimo cha jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa) hushuka pamoja na Fs. Lakini Fs ukiigawa kwa Qts, jibu hubaki karibu pale pale, na ndani ya boksi dogo lililofungwa hewa ya boksi ndiyo inayotawala, kwa hiyo tofauti inayosikika ni ndogo mno. Zaidi ya hayo, hakuna muziki unaoongeza omu 3 kwenye koili wala unaohamisha rangi nyekundu kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mkiambiwa spika mbili za jozi moja zinatofautiana, "subiri saa 200" ni njia ya kungoja muda wa dhamana upite.

Boksi pia lisitumike kama kisingizio. Karatasi yenu inasema Fs 70 Hz, Qts 0.38, Vas lita 12. Kwa boksi lililofungwa lenye Qtc (yaani Qts spika ikishaingia ndani ya boksi) ya 0.707, hesabu inatoa lita 4.9, na sauti inaanza kushuka kwenye 130 Hz. Mabokisi ni ya lita 4.9. Viungo vimezibwa kwa gundi, spika ina mpira wa kuzuia hewa chini ya ukingo wake, na koni ya kushoto ukiisukuma taratibu kwa namna niliyoieleza hapo juu inarudi polepole, dalili kwamba hewa haivuji. Hakuna aliyedai 40 Hz kutoka kwa spika ya inchi 4. Kinachodaiwa ni 130 Hz inayotokana na namba mlizoziandika wenyewe, kutoka pande zote mbili.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, ombi langu la awali lilikuwa dogo: nibadilishiwe spika moja, ile ya kulia. Bado ningelifikiria, kama isingekuwa kaunta ile.

Maana narudi hapo, na mtaniwia radhi. Mita ilikuwepo. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyuma ya bega lake, ya njano, ncha zake zimezungushwa vizuri. Angenyoosha mkono tu. Kupima omu ni kazi ya sekunde kumi. Betri ilikuwa mbele yake, aliisogeza pembeni kwa kalamu ili apate nafasi ya kuandikia fomu. Nilipomwambia, "Ndugu yangu, umeibonyeza wewe sasa hivi," alijibu bila kuinua macho: "Ilikuja hivi." Wateja wawili walikuwa kwenye foleni, wameona gumba, wamesikia "tak". Mmoja alicheka, nadhani kwa kutoamini. Kisha nikasukumiwa fomu nisaini chini ya neno "matumizi mabaya", na nilipokataa kusaini, kwenye nafasi ya saini akaandika "mteja amekubali kwa mdomo". Sikukubali kwa mdomo wala kwa ishara. Huo si uzembe tena. Ni maandishi ya uongo kwenye hati ya kampuni, na nakala yake ninayo.

Kutokana na hilo, ombi limebadilika. Spika moja haitoshi, kwa sababu hakuna hakika kwamba itakayoletwa itafanana na ya kushoto. Nataka jozi nzima, kutoka toleo moja la uzalishaji, zikiwa zimepimwa mbele ya mteja kabla ya kufungwa: omu za koili zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 5, Fs zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10, na zote mbili ziruke nje kwa betri. Vipimo viandikwe na kupigwa muhuri. Kama jozi ya namna hiyo hamna, basi nirudishiwe fedha zote, na gharama za usafirishaji kwenda na kurudi juu yake. Na kwa vyovyote vile fomu ifutwe kwa barua, maneno "matumizi mabaya" na "amekubali kwa mdomo" yakitajwa kwa jina kwamba yameondolewa. Fomu ikibaki kama ilivyo sitapokea spika wala fedha kana kwamba ni hisani.

Kuna jambo lililo kubwa kuliko jozi yangu. Kibandiko cha omu 8 juu ya koili ya omu 4 hakijibandiki chenyewe. Kama kuna moja, boksi lile lilikuwa na wenzake. Vueni spika chache za toleo hilo kwenye rafu, mzipime. Kijana yeyote mwenye mita atazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mkizikuta, wapigieni simu walionunua kabla amplifaya zao hazijaungua.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Siku ya 15 barua hii, fomu, picha ya mita ikisoma 3.3 chini ya kibandiko cha omu 8, na video ya betri vitakuwa kwenye meza ya mamlaka ya kulinda walaji, na madai ya fedha yatafunguliwa mahakamani yakiwa na fidia ya usumbufu ndani yake, jambo ambalo leo sijaliomba. Vipimo vyote vitachapishwa hadharani pamoja na namba ya toleo, ili mwenye spika kama hizi ajue aanzie wapi.

Spika ya kulia nimeifunga kwenye boksi lake na sitaigusa. Yeyote mtakayemtuma kuikagua aje na mita, na anioneshe mikono yake kwanza.

Wenu,
Mteja mwenye fomu iliyotajwa hapo juu, ambayo hakuisaini