Mbwa afunguliwe, kipara cha ukoka kina dawa yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzetu aliyelalamika hivi karibuni kwamba mbwa wake amemharibia ukoka wa uani kwa mkojo hadi umeota kipara, akaeleza kuwa baada ya kumwaga majivu, kisha mbolea, pasipo mafanikio, ameamua kumfunga mnyama huyo kwa mnyororo mfupi usiku na mchana. Ninaishi Tanga, nimefuga mbwa wa ulinzi kwa miaka mingi katika ua wenye nyasi, na yote aliyoyafanya msomaji huyo, isipokuwa mnyororo, nami niliwahi kuyafanya.

Wengi huamini kuwa mkojo wa mbwa ni tindikali, na hapo ndipo inapozaliwa fikra ya kumwaga majivu ili kuizima. Mkojo wa mbwa mwenye afya kwa kawaida hauna tindikali ya kuunguza chochote. Kinachounguza ni naitrojeni iliyomo katika urea, pamoja na chumvi, vinapomwagika kwa wingi mahali padogo. Mkulima wa mahindi analielewa jambo hili vizuri, kwa sababu anajua kwamba mbolea ya urea ya dukani, yenye naitrojeni asilimia 46, ikirundikwa shinani badala ya kuwekwa kando ya mche na kufukiwa, mche hunyauka. Msomaji wetu akiinama kukichunguza kipara cha ukoka wake huenda akaona kimezungukwa na duara la nyasi za kijani kibichi, zilizonawiri kuliko nyingine zote uani; hapo pembeni mkojo ulifika kidogo ukawa mbolea, na katikati ulifika mwingi ukaua. Kwa hiyo mbolea aliyoiongeza ilikuwa sawa na kutia chumvi katika mchuzi uliokwisha kuzidi chumvi, na majivu, ambayo nayo yana chumvi zake, hayakumfaa kitu.

Hakutueleza kama mbwa wake ni dume au jike. Jike huchuchumaa na kuumaliza mkojo wote mahali pamoja, ndiyo maana vipara vya mviringo, ukubwa wa sahani ya wali, huonekana zaidi penye jike, wakati dume huinua mguu na kugawa mkojo wake kidogo kidogo kwenye nguzo, mageti na, kwa bahati mbaya, mashina ya maua. Kiangazi huzidisha madhara, kwa sababu nyasi zenye kiu hazivumilii chumvi na hakuna mvua ya kuiosha; wakati wa masika mbwa yuleyule hukojoa palepale na usione alama yoyote.

Kabla ya kupanda chochote, avute nyasi zilizokauka aangalie chini. Ukoka wa kawaida una mashina yanayotambaa hata ndani ya udongo, na mara nyingi juu huonekana umekufa ilhali chini ungali hai, hivyo kinachohitajika ni maji mengi kwa siku tatu au nne mfululizo, kisha subira. Hali ni tofauti kwa zile nyasi za majani mapana ambazo wauza miche huziita za Pemba, kwani mashina yake hutambaa juu ya ardhi tu, na yakishaungua ni lazima kupanda upya. Hapo nyasi zilizokufa ziondolewe kwa reki, udongo umwagiwe maji mpaka chumvi ishuke chini, kisha utifuliwe kwa jembe dogo kina cha kidole na kuchanganywa na mchanga au udongo mwingine usio na mbolea. Vipando havinunuliwi. Vikatwe pembezoni mwa bustani hiyohiyo, kila kimoja kiwe na vifundo viwili au vitatu, vilazwe kwa kuachana upana wa vidole vinne, vifukiwe nusu na kukanyagwa kwa mguu ili vishikane na udongo, halafu vinyweshwe asubuhi na jioni hadi vitoe majani mapya. Mimi hufunika mahali hapo kwa matawi ya miiba kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na sijapata kuona mbwa aliyeyajaribu mara mbili.

Ili vipara visirudi, dawa ninayoiamini ni kopo. Karibu na bomba la uani nimeweka kopo la lita mbili, na yeyote amwonaye mbwa akikojoa kwenye nyasi humwaga maji papo hapo. Mgawo wa maji unapotubana, tunatumia maji tuliyooshea mchele. Vilevile nimemtengea mbwa kona yenye mchanga nyuma ya banda la kuku, na kila asubuhi kwa majuma kadhaa nilikuwa nikimpeleka huko kwa kamba mpaka akazoea. Ile njia anayoikanyaga kila siku kando ya ukuta, akimkimbilia kila apitaye barabarani, niliacha kushindana naye, nikaimwagia kokoto.

Nimesikia pia ushauri wa kumtilia mbwa siki au magadi katika chakula ili mkojo wake upoe. Nawasihi wasomaji wasifanye hivyo bila kumwona daktari wa mifugo, kwa kuwa kuubadili mkojo kwa kubahatisha kunaweza kumletea mnyama mawe ya kibofu, wala hakuiondoi naitrojeni. Maji safi ya kunywa, yasiyokauka chomboni mchana kutwa, yana faida zaidi, kwani huupunguza mkojo ukali.

Kuhusu mnyororo, nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini hata tukiiweka kando, mbwa aliyefungwa mahali pamoja usiku na mchana atakojoa palepale kila siku, na mduara wote unaofikiwa na mnyororo huo utageuka vumbi. Namwomba msomaji mwenzangu amfungue leo jioni, naye asimame karibu na bomba, kopo mkononi.

Msomaji wenu,
Tanga