Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kakamega: Tuulizeni kuhusu zebaki

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Ikolomani. Shangazi yangu ameosha dhahabu kwa karai tangu ujana wake. Siku hizi akimimina chai, nusu yake huishia kwenye sahani. Daftari la chama alikuwa akiliandika yeye. Sasa hati yake imepinda kama njia ya siafu na kazi hiyo amepewa mwingine.

Tumempeleka hospitali mara tatu. Kwanza tukaambiwa ni presha, kisha mawazo, mwisho uzee. Ana miaka 46! Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Angeulizwa, angewaeleza. Huchanganya zebaki, ile metali ya majimaji, na mchanga uliooshwa, akakamua kwa kitambaa mpaka kibaki kidonge cheupe kama fedha. Hukiweka kwenye kijiko juu ya jiko lile lile la ugali, mlango akiwa ameufunga (wezi, Mheshimiwa, na majirani wenye macho). Baada ya muda weupe hutoweka, dhahabu ikabaki. Zebaki imekuwa mvuke usioonekana wala kunuka. Wachimbaji wengi huogopa kuimeza, kumbe tumbo huinyonya kidogo sana; mapafu ndiyo hunyonya takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa, na damu huufikisha ubongoni.

Mtetemeko wa zebaki una alama zake. Huanzia vidoleni, kwenye kope na midomo. Mkono wa shangazi ukilala mapajani hutulia. Akiunyoosha kushika kikombe, ndipo unapocheza. Mkono wa mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko, mara nyingi hutetemeka ukiwa umetulia. Tena tabia hubadilika: mcheshi yule sasa huwaka kwa neno dogo, kisha hujifungia ndani kwa aibu.

Ombi langu ni dogo. Katika zahanati za maeneo ya machimbo, mwenye mikono inayotetemeka aulizwe: unachoma dhahabu? Wapi? Nani hulala humo? Akikubali, mkojo wake upimwe zebaki. Mtu akitolewa mapema kwenye mvuke, mtetemeko huweza kupungua. Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2023, nao unataka uchomaji wa wazi na wa majumbani ukomeshwe. Huku kwetu hata chungu cha kufunika, chenye bomba la kuunasa mvuke, sijakiona.

Mnunuzi huja Ijumaa, kwa hiyo Alhamisi usiku shangazi atachoma tena. Mjukuu wake wa miaka mitatu hulala chumba hicho hicho.

Mimi mpwa wake,
Ikolomani