Mkono ule ni wa baba yangu

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya mchoraji aliyemvisha kijana mgolole, akamkalisha kwenye kigoda na kumchora kuwa mtemi wetu marehemu, nimeisoma mara tatu na mara zote nimeumia. Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa mwalimu mgeni Mpwapwa, na sijawahi kuwaandikia. Mwandishi wenu anasema mtemi amefufuka. Amefufuka wapi? Aliyekaa pale ni modo mwenye kifua cha mazoezi na masikio mazima, wakati wazee wa Kigogo wa zama zile walitoboa masikio na kuyatanua mpaka ndewe zikaning'inia. Mzee yeyote wa Bahi au Chamwino angemweleza mchoraji, kama angeulizwa.

Mwaka 1986 ofisi moja ya serikali ilimwita baba yangu akae badala ya mtemi mwingine ambaye hakuacha picha. Alikaa siku nne, mgolole begani na mkuki mkononi, akalipwa soda na nauli. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatwa na mkanda wa mashine ya kusaga, na mchoraji akakichora kigutu kile kama alivyokiona. Picha ikatundikwa, chini yake pakaandikwa jina la mtemi peke yake. Baba alifariki 2003. Mwaka jana mjukuu wangu karudi kutoka ziara ya shule, ananieleza kwamba mtemi alikatwa kidole vitani akipigana na Wajerumani. Mwalimu kawaambia, wameandika madaftarini, na swali likatoka kwenye jaribio! Nikamtolea picha ya baba, nikamwonyesha mkono. Akauangalia sana, kisha akaniuliza: "Sasa babu, nikiandika hivyo si nitakosa?" Mimi niliyefundisha miaka thelathini na moja nilikosa jibu la kumpa mtoto wa darasa la nne. Baba hakupewa hata shukrani ya maandishi, na mtemi wa watu amebebeshwa jeraha lisilo lake.

Sipingi kuchora wafu. Malkia Jane Seymour wa Uingereza alifariki 1537, na mnamo 1545 akachorwa ameketi kando ya Mfalme Henry VIII, ilhali mfalme alikwisha kuoa mwingine. Lakini sura yake ilijulikana, maana Hans Holbein alimchora akiwa hai. Tuje hapa jirani, Iringa. Gavana Twining wa Tanganyika alipokwenda Bremen, Ujerumani, mwaka 1953 kutafuta fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe ambaye kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani, alikuta mafuvu kama 2,000. Alichukua vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, akalinganisha, akachagua moja lenye tundu la risasi, na mwaka 1954 likaletwa Kalenga. Mkoloni yule alijua kwamba pa kuanzia ni kwa ndugu wa damu. Mchoraji wetu hakubisha hodi kwa wajukuu wa mtemi, na wapo, wanalima.

Na hawa wenye studio za picha nao! Shangazi yangu alipofariki Kongwa, picha yake ya msiba ilibandikwa gauni na mkufu wa mtu mwingine, hata shingo haikuwa yake. Watu walifika getini wakauliza msiba ni wa nani. Mama yule alivaa khanga maisha yake yote, kwa nini asizikwe na picha yenye khanga?

Ninachotaka ni hiki. Chini ya kila picha ya namna hii kiwekwe kibao cha mninga, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la tatu, herufi nyeupe, mistari mitatu: sura imetoka kwa nani, mwili ni wa nani, mavazi ni ya nani. Kwa ile picha ya 1986 ofisi isihangaike na gharama. Kibao seremala amekwisha kukikata, jina la baba limeandikwa, na misumari miwili ninayo. Naomba tu siku ya kuruhusiwa kuingia na nyundo.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma